Daraja Nimelifunga

*Ofisi kuu ya maji, chumba cha kompyuta*
*Alhamisi, 7 Machi*

Shikamoo Shangazi,

Najua utasema, "Leo Chokonoa amenikumbuka." Nakukumbuka siku zote, karatasi tu ndiyo huwa huioni. Huko kituoni simu ya mkononi haishiki hata mtu apande juu ya tangi, na ile ya mezani ilikufa mwaka jana, kwa hiyo tumebaki na dereva wa gari la dawa ya maji, Jumatatu na Alhamisi, kama watu wa zamani.

Nataka nikueleze ile sahani nyeupe ambayo mafundi wetu walikuja kuiweka juu ya mnara wako, maana nasikia uliwauliza wakakujibu kwa maneno ya kukukimbia. Mkuu wa ofisi anataka pampu yako ionekane hapa mjini kwenye kompyuta, na iwashwe na kuzimwa kutoka hapahapa. Kikwazo kilikuwa Kisanduku, kile cha kijivu kilicho ukutani karibu na swichi kubwa, ambacho ndicho kinachoiendesha pampu. Ni cha zamani mno. Kinajua maneno matatu tu: WASHA, ZIMA na HALI. Ukikipelekea herufi hizo moja kwa moja kwenye mlango wake wa mtandao, sisi tunauita soketi, kinatii bila maswali. Lakini mkuu hataki kuandika herufi. Anataka afungue kivinjari, kilekile anachosomea magazeti, abonyeze kitufe cha kijani, basi. Na kivinjari, Shangazi, kina maringo. Hakiongei na soketi ya kawaida. Lazima kwanza kisalimiwe kwa utaratibu wake, halafu kila neno kinalitia kwenye bahasha. Kisanduku kikipokea bahasha hakijui hata pa kuipasulia.

Basi nimepata programu ndogo ya kukaa katikati yao. Haina picha wala madoido. Unaiita kwa mstari mmoja wa amri kwenye dirisha jeusi: sikiliza hapa, peleka kule. Kivinjari kinaleta bahasha, programu inaipasua na kuzimwaga herufi kwa Kisanduku. Kisanduku kikijibu, inalitia jibu kwenye bahasha na kulirudisha. Tunaiita daraja. Kwa sasa ni majaribio tu, nalijaribia kwenye kompyuta ya mezani kwangu, na linaanguka mara kwa mara. Likianguka nadhani Kisanduku kinakupigia kelele. Nivumilie.

Na usiogope kwamba kila mtu ataichezea pampu yako. Anayeweza kuiwasha kutoka huku ni mtu mmoja, ndiye mimi.

Baba hajambo? Barua zangu hazijibu, lakini najua unamsomea. Mwambie nashukuru kwamba amekubali kuacha kushuka kisimani. Ile siku mliyomtoa chini amezimia, mwaka jana, sijaisahau mpaka leo. Alinipa ahadi mbele yako na mimi naishikilia.

Mpwa wako,
Chokonoa

*

*Kituo cha pampu*
*Alhamisi, 7 Machi, dereva anashusha mapipa*

Marahaba mwanangu,

Umenieleza nikaelewa, na hiyo si kazi ndogo, maana mimi kwa mambo ya kompyuta ni mweupe kama karatasi hii. Kumbe daraja lako ni mkalimani! Ungesema mkalimani nikakuelewa kwa mstari mmoja, lakini nyinyi watu wa ofisini mnapenda kumzungusha mtu.

Ndiyo, Kisanduku kinapiga kelele. Jana kimelia mara sita. Baba yako alikuja akakitazama, mikono kiunoni, akasema, "Huyo mwanao anabonyezabonyeza tena." Ukimkera unakuwa mwanangu, ukifanya vizuri unarudi kuwa wake. Nimeshazoea.

Sasa tuache utani, hili ni la kazi. Pampu imeanza kukoroma. Chujio lililo chini kisimani limeziba kwa majani na tope, maji yanapanda kwa shida, na tukilichelewesha wiki nyingine mota itaungua, mji wako wote ukae na ndoo barabarani. Kwa hiyo Alhamisi ijayo, tarehe 14, saa tatu asubuhi, nitazima pampu na fundi atashuka kulisafisha.

Wewe unajua kule chini kulivyo. Ngazi ishirini na mbili za chuma, giza, maji ya kifua, na mdomo wa bomba mbele ya mikono yako. Pampu ikiwaka mtu akiwa ameshika chujio, mkono unatangulia na mwenyewe anafuata. Miaka yote sikuwa na wasiwasi, kwa sababu swichi ilikuwa moja tu na mbele ya swichi nimekaa mimi. Sasa kuna swichi nyingine huko kwako ambayo siioni, nayo inaweza kuiwasha pampu niliyoizima mimi, na kitu nisichokiona siwezi kukikalia.

Kwa hiyo nakuomba, siku hiyo daraja lako lifungwe. Lifungwe kabisa, asipite mtu. Niandikie neno moja kwamba umelifunga. Bila neno lako hashuki mtu hapa.

Fundi tumeshampata, anaijua kazi, usinisumbue kwa maswali.

Barua hii nimemwambia dereva akupe mkononi mwako. Si kwa mlinzi, na wala si mapokezi, ambako barua yangu ya mwezi uliopita ilikaa wiki mbili chini ya chupa ya chai, ikanifikishia kwako alama ya duara badala ya salamu. Mkononi mwako tu. Nimemtisha vya kutosha.

Baba yako hajambo, anafyeka majani nje.

Shangazi yako

*

*Ofisi kuu*
*Jumatatu, 11 Machi, asubuhi na mapema*

Shikamoo Shangazi,

Naandika nimesimama. Leo mpaka Jumatano niko kwenye ofisi ndogo, upande wa pili wa mji, kwa hiyo sitakutana na dereva. Barua naiacha kwa mlinzi, nawe unisamehe kuhusu alama ya duara.

Habari ni moja na ni nzuri: daraja nimelifunga! Nimelifunga Jumamosi mchana, mkuu mwenyewe amesimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni. Nilipomaliza akasema, "Safi." Shangazi, mtu huyu hajawahi kumwambia mtu "safi" tangu niajiriwe. Kisanduku hakitakulilia tena. Kaa kwa amani.

Mengine Alhamisi, gari linanguruma. Mwambie Baba. Mwambie nimelifunga mwenyewe, kwa mikono yangu, bila kusaidiwa na mtu.

Mpwa wako,
Chokonoa

*

*Kituo cha pampu*
*Jumatatu, 11 Machi*

Mwanangu,

Umenijibu upesi na umejibu kama mtu mzima. Nilikuomba neno moja, umeniletea neno na shahidi juu yake. Hata mkuu wako umemsimamisha hapo aone kwa macho yake! Hivyo ndivyo kazi ya hatari inavyofanywa, na mimi nilikuwa nadhani vijana wa siku hizi mnafanya mambo juujuu. Nimekuombea dua kwa sauti mpaka dereva akauliza nani amefariki.

Na ni kweli, tangu Jumamosi Kisanduku kimekaa kimya kabisa. Nimekipitia mara nyingi nikisubiri kilie, hakilii.

Sasa kwa kuwa umelifunga, nitakwambia jambo ambalo siwezi kuendelea kukaa nalo. Fundi wa Alhamisi ni baba yako.

Usirushe karatasi, soma kwanza. Alipokuahidi ameacha, siku ile alimaanisha. Wakatuletea fundi mpya, kijana mzuri, buti mpya, tochi ya kichwani. Alichungulia kisimani mara moja, akasema ana mafua, akarudi na gari lilelile. Tumeandika barua mbili kuomba mwingine, hajaja. Pampu inakoroma. Baba yako amekuwa akisimama juu ya kile kisima kila asubuhi, anasikiliza, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Jumatano iliyopita akasema, "Nitashuka mimi." Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Mwandikie baada ya Alhamisi." Mimi naandika kabla, ili usije ukasema shangazi yako alikuficha mpaka mwisho, ingawa kweli nilikuficha.

Kamba nitashika mimi mwenyewe, hata kwenda chooni siendi. Pampu nitaizima kwa mkono wangu. Na upande wako umefunga. Mlango huu umefungwa, na ule umefungwa, sasa hofu iingilie wapi?

Barua yako nimempa aisome mwenyewe. Ameisoma, akaguna, akanirudishia. Wewe unamjua.

Saa tatu kamili, Alhamisi. Tuombee.

Shangazi yako

Hii pia nimemwambia dereva: mkononi mwako.

*

*Ofisi kuu, mlangoni mwa chumba cha seva*
*Alhamisi, 14 Machi, saa nne na nusu asubuhi*

Shangazi,

Mtoe Baba kisimani. Kama bado yuko chini, mtoe kwanza, halafu ndiyo usome.

Daraja halijafungwa. Nisome vizuri, naandika polepole ili kila neno lieleweke. Nilipokuandikia "nimelifunga" nilimaanisha kama mtu anavyofunga mita ya maji ukutani, kama anavyofunga mtambo. Nimelitoa kwenye kompyuta ya mezani kwangu, nimelifunga kwenye seva kubwa, kompyuta isiyozimwa kamwe, sasa linasimama lenyewe na halianguki. Ndiyo maana Kisanduku kimekaa kimya. Limekuwa wazi tangu Jumamosi, usiku na mchana.

Barua yako ya kuniomba nilizuie nilikuwa sijaiona. Dereva Alhamisi alirudi usiku, Ijumaa alikuwa vituo vingine, Jumatatu akanikosa, na kwa kuwa ulimwambia mkononi mwangu tu, amezunguka na barua zako zote mbili kwenye mfuko wa shati mpaka leo, wala hakuthubutu kukwambia. Leo nilikuwa kwenye ukumbi na wageni, mlango umefungwa, naye akakataa kuondoka na gari bila kuniona. Alisema ungemla mbichi. Amenikabidhi saa nne na robo.

Na mimi nimewasha pampu saa nne kasoro dakika ishirini.

Ni mimi, Shangazi. Si mkuu, si mgeni, si mtu aliyekosea. Wageni walikuwa wamekaa safu mbili, mkuu akasema, "Waonyeshe." Ukurasa ulisema pampu imezimwa. Sikujiuliza kwa nini pampu yako izimwe saa za kazi, niliona ni bahati, nimepata cha kuwasha mbele za watu. Nikabonyeza kijani. Kisanduku kikajibu IMEWASHWA. Watu wakapiga makofi.

Chini ya kitufe kuna namba ya maji yanayopanda. Namba ilibaki sifuri. Mgeni mmoja wa mbele akauliza mbona sifuri. Nikamwambia kipimo huwa kinachelewa kidogo. Nilicheka wakati nasema hivyo. Niliiacha imewaka dakika tano nzima ndipo nikabonyeza ZIMA, na sifuri haikuondoka hata mara moja.

Sasa nimesoma barua yako. Pampu ikiwaka na maji yasipande, kuna kitu kimekaa kwenye mdomo wa bomba. Sitaki kuandika ni kitu gani. Nimelirudia hilo kichwani tangu saa nne na robo, kila mara nalifikisha mwisho na kuanza upya.

Na nikueleze lingine, kwa sababu leo sina haki ya kuficha. Nilikuandikia kwamba anayeweza kuwasha ni mimi peke yangu. Nilikudanganya. Daraja halina neno la siri. Mtu yeyote humu ofisini akifungua ukurasa ule anaona kitufe, na akikibonyeza kinafanya kazi. Nilitaka kuweka. Mkuu akasema neno la siri litawachosha wageni. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka aseme "safi."

Nimelisimamisha daraja sasa. Nimechomoa waya wa mtandao, uko mfukoni mwangu. Lakini kabatini kuna waya nyingine kumi, na kundi la pili la wageni linakuja saa sita. Nimemweleza mkuu. Amesema kituoni kuna watu wanaojua kazi yao na nisimwaibishe. Nimeweka kiti mlangoni mwa chumba cha seva na nimekikalia. Nikiinuka hapa, wataliamsha.

Gari lina kiti kimoja cha mbele. Nimempa muuguzi wa zahanati yetu, amekuja na mkoba wake. Nyuma ni mapipa ya dawa, mtu hakai. Nimetafuta pikipiki, waendeshaji wote wanne wamesema kwa tope hili hazipandi. Nitabaki hapa mlangoni mpaka unijibu, hata wanifukuze kazi.

Kama Baba amekufa, usiandike kwa kuzunguka wala usianze na salamu. Andika neno moja, na liwe neno lisilo na maana mbili.

Mpwa wako

*

*Kituo cha pampu*
*Alhamisi, 14 Machi, saa nane mchana*

Yuko hai.

Hilo halina maana mbili. Lisome tena, halafu inuka kwenye hicho kiti unywe maji.

Mzima, hana hata mchubuko. Amekaa hapa mbele yangu anajikwangua tope kwenye kucha kana kwamba leo ni siku kama nyingine. Muuguzi wako alipofika ametuangalia wote wawili. Baba yako presha yake ni ya kijana. Yangu ilimfanya anilaze kwenye benchi na kunikataza kuongea, na kwa kuwa nimekatazwa kuongea naandika.

Saa tatu kamili nilizima pampu kwa mkono wangu. Akavaa kamba, akashuka. Nilimhesabia ngazi kwa sauti. Akawa ananirushia majani kwenye ndoo, mimi navuta, namwaga, narudisha. Tumefanya hivyo karibu dakika arobaini. Nilikuwa na raha, mwanangu. Niliona kaka yangu anafanya kazi aliyozaliwa nayo, na upande wa pili kuna mwanawe amemlinda. Niliwaza jinsi nitakavyokusimulia.

Kisha taa ya Kisanduku ikawaka.

Ikawaka yenyewe, kijani, na swichi iliyo ndani yake ikagonga: ta! Sauti hiyo naijua kuliko sauti ya jina langu. Baada yake huwa mota inaanza. Mwili wangu wote uliganda, isipokuwa mikono. Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao, nikavuta kamba. Nina miaka hamsini na nane, goti langu moja ni la kuazima, na nilimnyanyua mwanamume yule kutoka majini kwa mikono yangu. Nilikuwa navuta huku nasubiri kamba iwe nyepesi. Nilikuwa nasubiri hivyo kabisa, sitakuficha.

Kamba haikuwa nyepesi. Akatokea juu, kichwa kimejaa majani, amekasirika. "Unanivuta nini? Nimefika nusu." Nikamwonyesha taa kwa kidole. Akaitazama ile taa. Halafu akatabasamu. Nakuapia, alitabasamu! Akaingiza mkono shingoni, akavuta kamba nyembamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko zilikuwemo fyuzi zote tatu za mota.

Alizitoa mara tu nilipozima pampu na kwenda kuchukua ndoo, kabla hajashuka. Pampu haikuzunguka hata nusu ya mzunguko. Kisanduku kiligonga swichi yake, kikakwambia imewashwa, na mota ilikuwa haina umeme hata wa kuwashia tochi. Sifuri yako ilikuwa hiyo tu.

Nililia. Kisha nikampiga, begani, kwa nguvu. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Ungenizuia." Ni kweli ningemzuia. Lakini nimekaa juu ya kisima kile nikijiona mlinzi wake, kumbe nilikuwa nimeshamzika kwa kusoma barua vibaya. Hilo linaniuma, na litaniuma muda mrefu. Nilikuomba ulifunge, nikaona neno "nimelifunga", nikaacha kusoma. Zile sentensi nyingine zote nilizikunja zifanane na nilichotaka kusikia.

Kuhusu uongo wako wa mtu mmoja, ukija nitakuvuta sikio mbele za watu. Na mimi nilikuficha ya baba yako, kwa hiyo la kwangu pia lipo, utalivuta. Dereva naye nimemsamehe. Kosa lake ni kwamba alinitii na kuniogopa.

Hilo daraja usiliamshe tena mpaka liwe na neno la siri, na mpaka huku ukutani nifungiwe, yaani niwekewe, swichi yangu ya kulikata. Unaona? Neno lenyewe sasa naliogopa.

Baba yako nimemwekea karatasi mbele. Nimemwambia chai haipati mpaka aandike. Hajawahi kukuandikia tangu uondoke nyumbani, leo ataandika.

Shangazi yako

*

*Alhamisi, 14 Machi*
*Nyuma ya karatasi ya shangazi yako*

Mwanangu,

Chai inapoa kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Ahadi niliyokupa nimeivunja. Nimekosa. Sina maelezo zaidi ya yale aliyokupa shangazi yako.

Muuguzi ameniuliza kwa nini nilitoa fyuzi wakati wewe ulishaandika umelifunga. Amesema labda baba hamwamini mwanawe. Shangazi yako naye amenitazama kwa jicho hilohilo. Nataka wewe ulijue vizuri, usije ukaambiwa na watu.

Barua yako ya Jumatatu niliisoma. Mtu akifunga mlango, haandiki nani alikuwa amesimama nyuma yake. Haandiki kwamba hakusaidiwa. Mlango unafungwa, mtu anakwenda zake. Anayeandika namna ile ni mtu aliyefunga mtambo, ukawaka, na furaha haimkai kifuani. Mimi nilipofunga pampu hii, miaka thelathini na moja iliyopita, nilimwandikia marehemu mama yako kurasa nne. Nilimwandikia hadi rangi ya shati la mkuu aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Alinicheka mwaka mzima kwa barua ile.

Kwa hiyo nilijua daraja lako lipo na liko wazi. Ningeweza kumwambia shangazi yako. Nilitaka chujio lisafishwe, nikanyamaza. Leo nimeuona uso wake, na hilo sitalifanya tena.

Mimi nimewahi kusema kazi yako ni kubonyezabonyeza. Kama ningeamini hivyo, ningezima swichi tu na kushuka, kama nilivyoshuka miaka yote. Fyuzi sijawahi kuzitoa maishani. Leo nimezitoa kwa sababu niliamini kazi yako inafanya kazi.

Chujio limebaki nusu. Jumatatu nashuka kumalizia, na baada ya hapo basi, watafute mwingine. Shangazi yako hawezi kushika kamba, viganja vyake vimechunika kwa kunivuta. Panda na gari uje uishike wewe. Fyuzi nitakupa wewe ukae nazo.

Baba yako